Mahali Tarumbeta Ilipokwama

Jumatano, tarehe 4 Juni

Shangazi ametoa hukumu. Wimbo mmoja hauhitaji santuri mbili. Amemnunulia Baba toleo jipya la santuri ya jazi ya marehemu Mama, sauti imesafishwa kwa mitambo, jaketi la karatasi la kuihifadhia linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ile ya zamani, chapa ya kwanza kabisa, anataka apewe mwenzake wa kazini anayegeuza santuri kuukuu kuwa saa za ukutani. Santuri ya Mama iwe saa! Baba kasema tutasikiliza zote mbili Jumapili, kisha ataamua.

Ningeweza kumwambia Baba kwamba sitaki. Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikamwuliza kama ameona rula yangu.

Alhamisi, tarehe 5

Shangazi alipotoka, nikazilinganisha. Kwenye mpya saksafoni haina chembe ya vumbi, na yule mwanamuziki anayekohoa kabla ya kuanza wamemfuta. Baadaye nilimwuliza Shangazi kama si vibaya kumfuta mtu. Akasema yeye hakulipia kikohozi cha mtu, na mimi Profesa nikaoshe vyombo.

Ya zamani inatatarika kama mafuta kikaangoni. Upande wa pili, tarumbeta inakwama: pa, pa, pa, kisha inaendelea. Hapohapo Mama alikuwa akipiga visigino mara tatu, halafu anageuka. Mpaka leo mimi na Baba tukiuimba wimbo huu tunakwama mara tatu. Hatujui kuuimba vingine.

Kwenye mpya tarumbeta inapita tu, kama mtu asiyekujua.

Ijumaa, tarehe 6

Nimepata mbinu. Santuri ya Mama ikiwa safi, itashinda. Kitabu cha maktaba kinasema maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini. Nimejifungia bafuni. Upande wa pili wa santuri palikuwa na tone la kahawia limeganda, gumu kama gundi. Nimelisugua dakika kumi mpaka likatoka. Lilinukia soda. Najivunia.

Jumamosi, tarehe 7

Nimeijaribu. Sauti nzuri ajabu. Tarumbeta imepita bila kukwama. Nimerudisha sindano mara sita. Imepita mara sita. Nimebaki katikati ya sebule, visigino vyangu havijui pa kutua.

Akili ni nywele, na mimi nimejinyoa kipara.

Nimenunua soda, nikadondosha tone palepale, nikasubiri likauke. Tarumbeta ikakwama mara arobaini na moja, mpaka Shangazi akauliza nani anagongelea misumari. Nimeiosha tena.

Jumapili, tarehe 8

Mpya ilianza. Shangazi akasema huo ndio muziki, mtu unasikia hadi kucha za mpiga gitaa. Kisha ya Mama. Ilipokaribia pale, Baba akanyanyua kisigino, kama kawaida yake. Tarumbeta ikapita. Mguu wa Baba ukabaki hewani.

Akauliza nani kaiosha. Shangazi akasema aliyeiosha apewe zawadi. Nikasema ni mimi, nilitaka ishinde. Nikasema na mengine kuhusu visigino.

Baba akasema tone lile aliliona likidondoka. Mama alikuwa anacheza na glasi mkononi. Miaka yote hii hakuthubutu kuligusa.

Akarudisha sindano. Ilipofika pale akaimba mwenyewe: pa, pa, pa. Nikaimba naye. Tarumbeta haikutungoja, tukaikimbiza mpaka mwisho wa wimbo. Shangazi akafuta miwani, akasema mwenzake atafute masufuria ya kugeuza kuwa saa.

Santuri ya Mama inabaki. Baba kaomba jambo moja tu: nisiguse kitu cha Mama kabla ya kumwuliza.

Jumatatu, tarehe 9

Nimegundua hatari. Jina lake ambalo Mama aliliandika kwa kalamu nyuma ya jaketi linafifia. Kitabu kingine cha maktaba kinasema karatasi hudumu ikifunikwa plastiki na kupigwa pasi.

Nilikwenda kumwuliza Baba. Alikuwa uani anaanika nguo, anaimba polepole. Akakwama mara tatu, akaendelea. Niliona haya kumkatiza.

Pasi imeshapata moto.