Mashua ya Baba Isinuke

Jumatatu, 7 Aprili

Naapa kuandika yote, hata yatakayonitia aibu. Mwalimu Muhonja alisema shajara ni rafiki. Basi rafiki, sikiliza.

Baba ameunda mashua. Hapa Makongeni, nyuma ya nyumba yetu ya reli, mbali na ziwa lolote. Itapelekwa kwetu Usenge, kando ya ziwa, atakapostaafu. Ina kijumba chenye benchi, mlango na madirisha mawili. Nakitaka! Nyumbani tuko sita na meza moja, nayo imekaliwa na televisheni. Lakini jirani yetu, Mama Shirleen, amekiomba aweke magunia ya vitunguu. Baba ameamua: kikiwa safi, kikavu na bila harufu kufikia Jumapili, nitasomea humo. Kikinuka, vitunguu vitaingia.

Vitunguu! Vitafanya mtihani gani?

Jumanne, 8 Aprili

Nimeosha mpaka povu likatokea mlangoni. Baba akasema niache madirisha wazi, mashua nayo hupumua. Namheshimu Baba, ila yeye ni mtu wa treni. Mvua iko nje. Uvundo wa mtaro uko nje. Unyevu wote wa dunia uko nje! Nimeufungia huko huko. Nimeziba kila upenyo kwa selotepu.

Jumatano, 9 Aprili

Ajabu. Kuta zinatoka jasho. Tone limenidondokea shingoni. Kunanuka soksi za bweni. Nikapaka kuta poda ya mtoto, kopo zima. Sasa kuta zina ugali.

Shirleen alichungulia dirishani, akapaza sauti ploti nzima isikie: "Niaje, kapteni! Unapika ama unasafiri?"

Nahodha hajibizani na mizigo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata dawa! Chumvi hunywa unyevu, tulifundishwa darasani. Na ngozi huzuia maji, ndiyo maana mbuzi halowi ndani. Rafiki yangu Fowsiya, ambaye baba yake huchinja mbuzi kule Kiamaiko, ameniletea ngozi mbichi ya beberu iliyopakwa chumvi. Akasema kwao ngozi hizo huanikwa nje, juani. Akauliza kama nina hakika.

Nina hakika kabisa. Nimeitandika kama zulia, nikaziba mlango kwa selotepu mpya.

Ijumaa, 11 Aprili

Chumvi ilikunywa unyevu, kisha ikautapika. Zulia linaelea. Nzi wameingia, sijui walipitia wapi. Beberu amekufa, harufu yake iko hai. Mama Shirleen alipita amefunika pua kwa leso, akamwambia Baba kwamba hata vitunguu vina heshima zao. Baba akanitazama kwa huruma. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha Shirleen.

Nililia kidogo. Kisha nikaacha. Mimi Adoyo sishindwi na gunia! Nimeongeza selotepu.

Jumamosi, 12 Aprili

Usaliti!

Leo Sabato, tulikuwa kanisani tangu asubuhi. Jua kali, upepo wa kukausha blanketi. Kurudi, selotepu yote imebanduliwa. Mlango wazi. Madirisha wazi. Shirleen ameketi juu ya ndoo, wala hakukana. Alifungua ili mtaa mzima unuse, kila mtu ajue. Na ngozi yangu? Mbwa wameiburuta hadi relini.

Nikamwambia Mungu anamwona. Akasema, "Anaona, lakini ameziba pua."

Sikula chakula cha jioni. Naam, nilikula, ila kwa hasira.

Jumapili, 13 Aprili

Baba aliingia kijumbani. Akapapasa ukuta. Mkavu! Akanusa. Mbao tu, na poda kwa mbali. Akauliza, "Umefanyaje, mama?" Nikamweleza kuhusu chumvi na ngozi, kwamba zilihitaji tu muda wa kufanya kazi. Baba akakohoa sana, akageukia dirisha, kisha akanipa ufunguo.

Ufunguo wangu! Shirleen alitaka kuniaibisha, akachelewa. Dawa ilikuwa imeshaingia. Mama yake anatafutia vitunguu makao mengine.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi langu, vitabu vyangu vimepangwa. Madirisha nimeyaziba vizuri, mlango pia, asije tena mtu kuniharibia. Tone limeanguka kwenye ukurasa huu. Bila shaka ni masalio ya zamani. Ila tahadhari ni bora, kwa hiyo rafiki, nijibu upesi, kabla Fowsiya hajatoka Kiamaiko kesho asubuhi: aniletee ngozi moja, au mbili?