Kiwele cha Loreng

Ekuam Lopeyok,
Kiwanjani, Isiolo.

Kwa Msimamizi,
Jumba la Sanaa la Kaskazini,
Isiolo.

Bi. Ntinyari mheshimiwa,

KUH: MAKSAI WANGU KUTUNDIKWA UKUTANI AKIWA NA KIWELE

Habari ya kazi? Natumaini wewe na wafanyakazi wako mko wazima, na kwamba paa halivuji tena juu ya wale twiga. Mimi ni karani mstaafu wa mnada wa mifugo. Nimetazama ng'ombe maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kutukanwa na ng'ombe hata mmoja mpaka mlipotundika picha hii.

Nianze na historia, kwa sababu kijikaratasi mnachowapa wageni kimeiandika vibaya. Kinasema jumba lilitokana na "kiu ya watu wa kaskazini ya kujiona". Bi. Ntinyari, mimi nilikuwepo. Lilikuwa ghala la ngozi. Siku moja wakubwa walikuja na mkasi na utepe, ghala likapakwa rangi nyeupe, tukaambiwa kuanzia leo tuna sanaa. Harufu ilikaa mwaka mzima. Lakini enzi za ngozi, kila kilichoingia mle ndani kilijulikana kimetoka kwa mnyama gani, na kama alikuwa dume au jike.

Kisha mkaanza kukusanya. Mkanunua twiga kutoka Nairobi, ukuta mzima wa twiga wakitazama jua likitua, katika mji ambao ngamia anaweza kukuzibia mlango wa benki na hakuna aliyemchora. Mlangoni mkasimamisha kile chuma kinachoitwa "Amani", ambacho sisi wa Kiwanjani tunaamini ni geti ambalo fundi alilitoroka kabla ya kulimaliza. Hayo yote niliyanyamazia. Sasa mmemgusa Loreng.

Picha iliyo chumba cha pili, mkono wa kulia, mliyoipa jina "Mama wa Kaskazini", ni ya maksai wangu Loreng, anayekaa Oldonyiro kwa ndugu yangu Nangiro. Alichorwa mnadani huko huko, siku aliyowasindikiza wenzake waliokuwa wanauzwa. Yeye hauzwi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ana kiwele. Maksai, Bi. Ntinyari, ni dume aliyehasiwa. Hazai, hakamuliwi, na hajawahi kulalamika juu ya mambo hayo mawili. Mchoraji wenu, Gichunge, amempa kiwele cha rangi ya waridi, kimejaa, na chuchu zake nne, kiwele ambacho ng'ombe wa huku angekikokota juu ya miiba mpaka kiishe. Nilimtafuta Gichunge nikamuuliza. Hakuona hata haya. "Mzee, mnada uliisha kabla nimalize," akasema. "Huku nyuma nilimalizia nyumbani, na ng'ombe ya mama mkwe. Na hii ni sanaa, msanii ako na uhuru." Kwa hiyo nusu ya mbele ni mali yangu, na nusu ya nyuma inakatiwa majani huko Meru.

2. Pembe. Loreng akiwa mdogo, mimi na Nangiro tulizigonga pembe zake kwa jiwe na kuzifunga kwa ukanda wa ngozi, msimu baada ya msimu, mpaka moja ikaelekea mbele na nyingine ikarudi nyuma. Watu walitoka mbali kuja kuzitazama. Kama kuna sanaa katika picha ile, basi ilikuwepo kabla Gichunge hajachonga penseli yake, naye ameinyoosha. Amechora pembe mbili zilizosimama sawasawa kama usukani wa baiskeli. Kibao kilicho chini ya picha kinamtaja yeye kuwa msanii. Mimi na Nangiro hatumo.

3. Hili lingekuwa la kwanza, ila kiwele kilinitia hasira nikaanza nacho. Kwetu Waturkana mwanamume huitwa kwa maksai wake. Mimi ni Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Hilo ndilo jina aliloniita marehemu mke wangu. Sasa nikiingia hotelini kunywa chai, Molu, Mborana tuliyezeeka naye, anapaza sauti: "Mama wa Kaskazini amefika! Huyu mpeeni strungi tu, maziwa ako nayo." Hoteli nzima inacheka, hata wale wasiojua wanacheka nini. Nimeumia, na ninaandika wazi kwamba nimeumia.

4. Kinya, msichana wenu anayetembeza wageni, huwaambia wanafunzi kwamba yule ni ishara ya mama mvumilivu anayelinyonyesha taifa. Wanafunzi wanaandika! Mtoto wa mfugaji atarudi nyumbani na elimu hiyo, amwambie baba yake akamue maksai. Nilipojaribu kumsahihisha Kinya, aliniambia kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, tafadhali simama nyuma ya kamba." Miaka yote hiyo hapakuwahi kuwa na kamba kati yangu na Loreng.

Kwa hayo, naomba kwa heshima picha iteremshwe. Ikishindikana, Gichunge aje na brashi yake akifute kile kiwele mbele ya mashahidi, Molu akiwa wa kwanza. Hilo nalo likishindikana, nitamleta Loreng mwenyewe kwa miguu kutoka Oldonyiro, nimsimamishe kando ya picha, na Kinya awaeleze wageni yupi ni yupi. Kinyesi atakachoacha kitakuwa mali ya jumba, mkiandikie kibao.

Na mkishikilia kwamba yule ni mama, basi mimi ndiye mwenye ng'ombe na ninataka maziwa. Kila asubuhi mkifungua milango mtanikuta chumba cha pili na kibuyu changu. Ndama wake pia ni wangu. Picha yoyote ya ndama mtakayoinunua kuanzia leo, tafadhali iletwe Kiwanjani moja kwa moja, nina zizi.

Wasalimie wafanyakazi wote, Kinya na kamba yake, na askari anayelinda lile geti lisilofunguka. Msalimie Gichunge, ingawa hastahili. Msalimie pia ng'ombe wa mama mkwe wake, ambaye katika jambo hili hana kosa lolote.

Ni mimi, niliyevunjiwa heshima na bado nina adabu,
Ekuam Lopeyok (Apaloreng)

Baada ya kutia sahihi: Barua hii niliileta mwenyewe Alhamisi. Nikaingia kwanza kumtazama, kisha nikarudi nayo nyumbani bila kuiacha. Sitamleta Loreng, ingawa nimeandika kana kwamba bado yupo. Alianguka kiangazi kile cha mwaka wa ishirini na mbili, muda mfupi baada ya Gichunge kukunja karatasi zake akaenda. Nangiro alimshika mkia akamwinua, akaanguka tena, na hakuinuka. Na wengine wote waliisha. Simu yangu wakati huo ilikuwa ya kubonyeza, haina kamera, kwa hiyo picha yake nyingine haipo popote. Na lile doa jeupe chini ya jicho la kushoto, Gichunge ameliweka pale pale lilipokuwa.

Jumapili tukitoka kanisani nilimpeleka mjukuu wangu Akiru, ambaye hakuwahi kumwona. Alisimama kwenye kamba muda mrefu, kisha akaniuliza, "Babu, alikuwa anatoa maziwa mingi?" Nikamwambia mengi sana, yalitutosha nyumba nzima. Kwa hiyo msiguse kitu. Hata kiwele, kiacheni hapo hapo.