Mzee Mhina wa Bungu Amefia Ukumbini

Leo nimevuliwa nguo Korogwe, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Mnaujua mtandao wangu, Gulioni. (Kama hamuujui, hamko peke yenu.) Niliuanzisha miaka mitano iliyopita ili watu wa Handeni na Korogwe wapige soga na kupeana habari za mashamba kwa simu. Watu hawakuja. Basi nikawatunga. Nikamtunga Zaina wa Mkata, muuza mihogo. Nikamtunga Mzee Mhina wa Bungu, aliyefiwa na mkewe, mwenye busara na utani. Wanasalimiana, wanagombana, na kuwapatanisha ni kazi yangu pia. Nimechoka, jamani!

Mtu wa kweli alikuwa mmoja tu, anajiita Ua la Korogwe. Kila jioni anamwandikia Mzee Mhina, nami namjibu. Nilidhani ni binti wa chuo anapoteza muda.

Asubuhi nikaenda kwa umoja wa wakulima. Wakikubali, wanachama wao wote wanajiunga. Wakikataa, nafunga. Mwenyekiti ni Mama Shekiondo, mama mtu mzima, amejifunga kitambaa cha kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuonyeshe."

Nikawasha mashine, mazungumzo yakatokea ukutani. Yamechangamka kweli! (Nilikesha nayo.) Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Huyo Mhina ni wa Bungu ipi? Mimi nimezaliwa Bungu, simjui. Hebu mpigie simu."

Ningeweza kusema hana chaji. Ningeweza kusema yuko shamba. Mimi nikasema, "Mzee wetu ametutoka."

"Lini?"

"Juzi."

Ukumbi mzima ukasimama. Wanaume wakavua kofia. Nami nikainamisha kichwa, nikaanza kuona uchungu wa kweli. (Nilimpenda yule mzee.) Mara Mama Shekiondo akaketi kwa kishindo, kashika mdomo.

"Juzi? Mbona jana jioni ameniuliza kama nimekula?"

Yule mzee wa nyuma akauliza polepole, "Maiti wa kwetu siku hizi wanaulizia chakula?"

Nikaungama. Ningefanyaje?

"Ni mimi, mama. Mzee Mhina ni mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeniambia kijani kinanipendeza?"

Nikatazama kile kitambaa. "Mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Kitinda mimba wangu anakuzidi!"

Hapo ukumbi ukapasuka. Kuna mtu alicheka mpaka akatoka nje, nikamsikia anaendelea huko huko. Mama Shekiondo hakucheka. Aliwatuliza, akasema umoja haujiungi, akafunga mkutano. Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni.

"Umenidhalilisha, mwanangu," akasema. "Lakini tangu baba watoto afariki, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Wafute hao watu wako wote. Siku ukiwa na neno, niandikie kwa jina lako. Na uniamkie kwanza."

Nikasema, "Nimekosa, mama."

Sasa niko standi, nasubiri gari la Handeni. Nimefuta watu thelathini na tisa, mmoja mmoja, Zaina nimemwacha wa mwisho. Tumebaki wanachama wawili, na mmoja naona haya kumwandikia.

Anayetaka kunicheka, ajiunge kwanza.