Vita vya Ndaki na Chupa ya Soda ya Machungwa

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Sogezeni vigoda, enyi wakulima wa pamba wa Songwa, nanyi mnaopita tu kwenda Tinde. Wekeni simu chini, msikie jinsi Ndaki mgane, bwana wa ng'ombe wanne na goti moja zima, alivyopigana na chupa ya plastiki.

Adui yule hakuja na mkuki. Aliletwa na wenye vyeo. Charles, katibu wa ushirika, mbeba-kalamu-mbili, aligawa dawa ya kuua wadudu wa pamba. Vichupa vyake havikuletwa, likaja pipa peke yake lisilo na maandishi, ikatoka amri kila mkulima aje na chupa yake. Ndaki, mtii wa amri, akaenda na chupa ya soda ya machungwa. Akajaziwa sumu ya rangi ya dhahabu, akaisweka uvunguni mwa kitanda, palipowekwa kila cha thamani tangu enzi za marehemu mkewe.

Nyumba hiyo ilikuwa na Dorah, mjukuu wa miaka mitatu, mpanda-vihenge, mla-udongo, aliyeachwa na mama yake, Martina binti wa Ndaki, aliyekwenda Geita kuwapikia wachimbaji. Ndaki alikuwa nje akifunga kamba ya jembe la ng'ombe aliposikia kimya, kile kimya ambacho mkewe angejua maana yake hata akiwa kisimani. Akaingia. Mtoto ameketi sakafuni, chupa mapajani, kifuniko kati ya meno.

"Guku," akasema Dorah, kwani ndivyo babu aitwavyo Usukumani, "soda yako ngumu. Nifungulie."

Ndaki akaruka. Mwenye goti bovu haruki, lakini yeye aliruka, akavuka kuku na sufuria, akaipokonya chupa. Akamnusa mdomo, akamkagua ulimi, akamsugua mikono kwa sabuni. Kifuniko kilikuwa hakijalegea hata kidogo. Dorah akalia kama mtemi aliyenyang'anywa kiti, na babu akalia pia, ila yeye kwa siri, akijisingizia moshi.

Kampeni ikaanza. Akaiweka chupa juu ya kabati. Dorah akaburuta kigoda. Akaichomeka darini, Dorah akaja na mwiko wa ugali. Ndipo Ndaki alipotoa vitenge katika sanduku la bati la marehemu, akavikunja vibaya, akamwomba radhi mwenyewe kwa sauti, akatoka nalo mpaka kwenye banda la zana, akaanza kuligongelea ukutani, juu kabisa.

Akapita Hosiana, jirani, na ndoo kichwani. "Mwangaluka, Baba Martina. Sanduku limekosa nini mpaka unalisulubisha?"

Shujaa akageuka juu ya ngazi, nyundo mkononi, akahutubia. "Hosiana, mimi niliishia darasa la pili. Lakini sumu kuivalisha nguo ya soda, hilo lilihitaji mtu aliyesoma. Hapa italala juu, itafungwa, na ufunguo utakaa shingoni kwangu mpaka mnizike nao."

Akapiga msumari, akapiga kidole, akapiga tena kidole kilekile. Akabandua karatasi ya chupa, akachora fuvu juu ya sanduku kwa mkaa; likatoka kama mbuzi anayecheka. Kufuli likalia, ngazi ikafichwa. Dorah akapanda kigoda, akanyoosha mkono, hakufika. Akaongeza ndoo, hakufika. Akashuka, akarudia udongo wake. Na iandikwe kwamba adhuhuri ile amani ilitanda katika nyumba moja ya Songwa.

Jumamosi, katika mkutano wa kijiji, Charles alimsimamisha Ndaki mbele za watu, akamwita mfano wa kuigwa, akaomba apigiwe makofi. Yakapigwa. Ndaki akashukuru, akavua kofia, akauliza swali ambalo mpaka leo katibu analitafutia jibu daftarini.

"Siku ile mlijaza chupa za soda za nyumba themanini. Hizo sabini na tisa ziko wapi saa hizi, na nani anaziangalia?"