Masharubu ya Shemeji Yangu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Tumefika salama. Mimi, dada yangu, na Masharubu. Jina hilo namwita humu tu. Mbele za watu namwita shemeji, maana ni mdogo wa marehemu mume wa dada. Tumekuja huku ugenini kumwoza mpwa wangu, aliyekuja kusoma akapata na mchumba. Harusi Jumamosi.

Kuna jambo moja tu halijaamuliwa. Nani atasimama ukumbini kuzungumza kwa niaba ya familia? Mimi mjomba mtu, au yeye baba mdogo? Dada kasema atatangaza Ijumaa, baada ya kuona nani ana sura ya kutuwakilisha. Sura! Hotuba yangu niliianza Januari. Ina utangulizi, ina machozi, ina sehemu ya kupigiwa makofi.

Tatizo ni masharubu yale. Meusi, mazito, ncha zimepindwa juu. Anayapaka mafuta kila asubuhi. Hapa hotelini watu wanampisha mlangoni. Mimi nimeulizwa mara mbili choo kiko wapi. Wanadhani nafanya kazi hapa.

Tumepewa chumba kimoja, mimi na yeye. Amechagua kitanda cha dirishani. Sawa, deni hilo ninamwekea.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mungu ni mkubwa! Nimepata dawa.

Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi mzee wa kizamani. Hana mashine hata moja. Ana wembe wa kukunja, ule mrefu, anaunoa kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani. Shwa, shwa, shwa. Nilisimama dirishani nikitazama mpaka akaniita kwa kidole. Kukimbia ingekuwa aibu.

Kiti kinalala chali kama cha daktari wa meno. Kwanza taulo ya moto, nikaona nakufa. Halafu povu kwa brashi laini, nikaona nimefufuka. Kisha wembe ukagusa koo. Hapo nilikumbuka watu wote niliowakosea. Mzee alikuwa akiimba taratibu, mkono hautetemeki, wembe unapita kama anafuta vumbi kwenye kioo. Hakuna tone la damu. Mwisho akanipiga mashavu kwa manukato yanayouma.

Nimerudi hotelini uso unang'aa. Dada akanigusa shavu kwa nyuma ya mkono. Akasema, "Kumbe una uso!" Miaka yote hii.

Masharubu alikuwa anatazama. Akajipapasa shingo. Moyoni nimecheka hadi mbavu zikauma.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Ameuma ndoano! Chai haijapoa, Masharubu kaniuliza kwa upole nilikonyolewa. Anataka kusafishwa mashavu na shingo kidogo kabla ya harusi. Nikamwambia shemeji, kesho nakupeleka mwenyewe. Akanishukuru. Akaniongezea sukari bila kuombwa. Nimeinywa bila haya.

Mpango ni huu. Kinyozi hajui lugha yetu. Masharubu hajui lugha yao. Katikati yao nani? Mimi! Nitamnong'oneza mzee aondoe masharubu yote. Ijumaa Dada atakuta mtu mwenye mdomo wa juu kama wa mtoto mchanga. Tutaona nani ana sura.

Nimemwendea dada wa mapokezi anifundishe kusema "ondoa masharubu yote" kwa lugha yao. Anajua lugha yetu kiasi, alipanga nyumba moja na watu wa kwetu. Akanifundisha vizuri. Ila akanisumbua sana na mwisho wa neno. Eti nisipouvuta linakuwa neno jingine kabisa. Nivute, nivute, nivute. Nikamwambia mimi lugha nazidaka hewani. Akaanza kunieleza hilo neno jingine ni lipi, simu ikalia, nami nina kazi zangu.

Nimelirudia bafuni mara nyingi. Linatoka vizuri mno. Nimelifupisha kidogo liwe tamu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Sijui nianzie wapi.

Tulifika. Mzee akafurahi kuniona. Nikamsogelea sikioni, nikalisema neno langu, nikamwonyesha Masharubu kwa kidevu. Mzee akanitazama. Akauliza kitu. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, yote. Akauliza tena, safari hii akionyesha juu ya macho yake. Nikadhani ananiuliza kama nina hakika. Nikaitikia kwa nguvu zaidi! Akainua mabega. Mteja ni mteja.

Sasa Masharubu akaharibu. Akasema, "Shemeji, anza wewe, mimi nikuangalie kwanza. Naogopa wembe." Nikaona sawa tu, nikilainishwa kidogo huku yeye akisubiri zamu yake, shida iko wapi? Nikalala. Taulo ya moto juu ya macho. Mzee akaanza kuimba. Usingizi ukanichukua.

Nilizinduliwa na ukelele. Alikuwa Masharubu. Ameudaka mkono wa kinyozi hewani.

Nikajitazama kwenye kioo. Unyusi wa kulia haupo. Haupo kabisa! Pale paliposimama unyusi wa baba yangu na babu yangu pamebaki panang'aa, panapendeza hata, kazi safi. Wa kushoto umenusurika kwa sababu shemeji yangu alipiga kelele.

Njia nzima alinishika mkono kama mgonjwa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Halafu akasema kitu ambacho nisingependa kukiandika. Kwamba jana alishamwendea Dada na kumwomba anipe mimi nafasi ya kuzungumza. Eti yeye akisimama mbele za watu maneno yanamkimbia. Eti tangu kaka yake afe hawezi kulitaja jina lake bila sauti kukatika. Na Dada alikuwa ameshakubali.

Alikuwa ameshakubali!

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Dada amenitazama. Akakaa. Akanitazama tena. Akauliza ni nani amenifanyia hivi. Nikasema ajali ya kikazi. Akauliza kazi gani, mimi ni mstaafu. Nikaomba chai.

Uamuzi: msemaji ni Masharubu. Ameupokea kama mtu aliyesomewa hukumu. Mpwa wangu alipita, akasema, "Pole, Mjomba," akatoka nje haraka. Nikamsikia anacheka kwenye korido mpaka anakohoa.

Nimempa Masharubu hotuba yangu. Si kwa wema. Nilitaka walau isikike.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Asubuhi Dada alinichora unyusi kwa wanja. Alikuwa na haraka ya shughuli za harusi, akauweka juu mno. Siku nzima nilionekana nimeshtuka upande mmoja. Mama wa bibi harusi alikuwa kila akinigeukia anageuka nyuma yake kuona kuna nini.

Masharubu akaitwa. Akasimama. Karatasi zangu mkononi. Akazitazama, akazikunja, akazirudisha mfukoni. Zote! Tangu Januari!

Akasema, "Kaka yangu angekuwa hapa angecheza. Mimi sijui kucheza. Lakini mwanawe nimemleta." Mpwa akatafsiri. Masharubu akakaa. Basi. Ndiyo hotuba yote.

Ukumbi mzima ulilia. Baba wa bibi harusi alikuja kumkumbatia. Dada alijifunika uso kwa khanga. Na mimi, nani alinituma, nikajifuta macho. Picha ya familia ilipigwa dakika ileile. Unyusi wangu wa kulia uko shavuni, unaelekea kidevuni.

Ilikuwa hotuba fupi mno. Haikuwa hata na utangulizi.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Dada wa mapokezi amemweleza Masharubu kila kitu. Mwanamke hana siri! Nilijiandaa kwa ugomvi. Akaja, akakaa kwenye kitanda chake cha dirishani, akacheka mpaka masharubu yakalegea ncha. Akasema ningemwomba tu, angeyanyoa mwenyewe. Mke wake hayapendi.

Nimetafakari sana leo. Mpango haukuwa na kasoro. Kilichoniangusha ni matamshi ya neno moja. Nimeshuka mapokezi kuomba sentensi nyingine, ndefu, ya kuagana kwa heshima. Dada wa watu akasita, akanifundisha, akanisihi mwisho wake niukate, nisiuvute hata kidogo. Huyu naye! Juzi vuta, leo kata. Nitavuta. Sirudii kosa.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Uwanja wa ndege. Afisa wa pasi alitazama picha yangu, akanitazama mimi, akaitazama picha. Akagusa unyusi wake. Masharubu akataka mpwa apigiwe simu aje kueleza. Nikamwambia shemeji, tulia, hawa nawajua.

Nikanyoosha mgongo, nikamwambia afisa sentensi yangu yote kwa lugha yao. Mwisho nikauvuta vizuri, mpaka watu wa nyuma wakasikia.

Afisa akasimama. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Mkubwa akaniomba nirudie. Nikarudia, na safari hii nikaweka na mkono kifuani.

Ninaandika haya nikiwa katika chumba changu peke yangu, kisafi, hakina dirisha. Dada na Masharubu wameachwa kule kwenye foleni na watu wa kawaida. Mlangoni wamenisimamishia walinzi wawili. Begi langu wamelibeba wenyewe, sikuruhusiwa hata kuigusa kamba yake.

Lugha ni ufunguo, jamani. Masharubu angeyajulia wapi haya?