Mlima Elgon wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Aprili 1949
Baraza leo hapa Bungoma. Chifu ametangaza kwamba Jumamosi kuna maonyesho Kitale. Anayetaka alete ramani ya nchi yetu iliyofinyangwa kwa udongo, pamoja na ndege, mnyama au mdudu mmoja anayefaa kuwa nembo ya lokesheni, eneo lake la utawala. Mtu wetu atakayeng'ara ndiye atakuwa karani wake mpya.

Nafasi hiyo ni yangu. Si tamaa, ni lazima. Siku ya posa niliwaambia wakwe ati mimi ni karani tayari, kumbe napima mahindi dukani kwa Muhdhar. Miaka miwili sasa. Wilkista, mke wangu, anasema uongo huo umeanza kuota mvi.

Jumanne, 5 Aprili
Mwalimu Jotham naye anataka ukarani. Ameazima korongo mwenye taji kwa mjomba wake, anamtembeza sokoni kwa kamba. Nimeuliza huku na huku: watu wengine sita wana korongo. Hawa watu hawafikiri kabisa. Nembo yangu ni kumbikumbi. Korongo anapendeza tu. Kumbikumbi nani hapa hajamla?

Jumatano, 6 Aprili
Mara nne nimejenga Mlima Elgon, mara nne umeangukia Bungoma. Udongo huu wa shambani haushikani. Unaofaa ni wa kichuguu, na kichuguu kizuri kuliko vyote kiko Webuye, kina umbo la Elgon lenyewe. Mwenyewe ni mama mkwe. Jina lake siliandiki hata hapa, ni mwiko.

Kumwomba siwezi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akitokea njiani, unaingia kwenye mahindi. Wilkista amekataa kunipelekea ombi. Basi nimefikiri: mtu asiyeruhusiwa kuniona atanikamataje?

Alhamisi, 7 Aprili
Mama mkwe alikuwa kanisani na akina mama wenzake. Nimekata kichwa cha kichuguu kwa jembe, nikakitia guniani, nikadandia lori la Sharif. Sharif ameuliza mbona gunia lina sauti ndani. Nimemwambia ni mlima.

Jumamosi, 9 Aprili
Kitale. Asubuhi ilikuwa tamu sana. Elgon yangu imesimama wima. Maporomoko ya Webuye ya kipande cha bati. Mto Nzoia wa maji ya birika. Korongo wa Jotham akakata kamba, akaruka kuelekea Matisi na hakurudi. Nilimpa pole, nikageuka nicheke.

Majaji walipofika mezani kwangu, bendi ya shule ikapita ikipiga ngoma. Mimi namimina maji Nzoia. Ngoma na maji! Mtoto yeyote wa kwetu anajua ndivyo kumbikumbi wanavyoitwa watoke. Mimi nikasahau. Elgon ikafunguka. Wakatoka mamia kwa mamia, watu wakaacha korongo zao wakaja kula nembo yangu. Jaji mkuu akasema hajawahi kuona nembo inayojileta yenyewe. Akauliza fundi yuko wapi, aje aeleze nchi yake.

Nikafungua mdomo. Hapo nikasikia sauti ya mwanamke katikati ya watu, inatafuna na kulalamika pamoja. Kwamba hawa kumbikumbi ni wake, ladha yao anaijua, na kichuguu chake kimekatwa kichwa juzi. Mama mkwe! Amekuja Kitale kumwona mkwe wake karani.

Nikaingia chini ya meza. Ningefanya nini? Jaji akauliza tena fundi yuko wapi. Jotham, ambaye hana mkwe duniani, akakohoa akaanza kueleza mlima, mto, maporomoko, mahindi yanastawi wapi na ng'ombe wapi. Alieleza vizuri, nakubali. Chifu akampa mkono wa pongezi hapo hapo. Ukarani umekwenda, na mimi nimepiga magoti kwenye mabawa ya kumbikumbi. Iliniuma sana.

Mama mkwe akauliza nani alikata kichuguu. Jotham, mtu wa kanisa, akaonyesha chini ya meza. Mama mkwe akaona miguu yangu, akafunika uso kwa leso, akaondoka.

Jumapili, 10 Aprili
Wilkista ameleta ujumbe wa mama yake. Kichuguu kitaota tena, ila nilipe kondoo mmoja. Hata hivyo amefurahi: mkwe anayejificha chini ya meza mbele ya wakubwa ni mkwe mwenye heshima. Na Jumanne atapita nje ya ofisi ya chifu, atazame meza yangu ya ukarani. Kwa mbali, kama desturi inavyotaka.

Kwa mbali! Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwa Jotham. Nimemwomba kofia yake, kiti chake na dirisha, asubuhi moja tu. Amekubali, mradi nimkamatie korongo mwingine, mjomba wake anadai wake.

Nimeuliza huku na huku. Korongo wazuri wako Webuye, kwenye kinamasi nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Kesho naenda na kamba. Haruhusiwi kuniona.