Vita vya Binti wa Fundi Cherehani na Kwikwi, Asubuhi ya Mtihani wa Hesabu

Jongeeni, enyi mliowahi kushika kalamu kwa kiganja chenye jasho, nanyi mliosoma ukurasa mmoja tena na tena bila kuambulia kitu. Tegeni masikio, maana leo yanasimuliwa makuu ya binti wa fundi cherehani, Mwenye Kalamu Mbili, Mfunua Vitabu, aliyepigana vita ambavyo wanahistoria wote wamekataa kuviandika, kwa wivu tu.

Ikawa asubuhi ya mtihani wa hesabu, shujaa ameketi mbele ya chai yake amejaa hofu, kwani mwaka uliopita karatasi hiyohiyo ilimwangusha, na safari hii akianguka shule ndiyo basi. Ndipo adui akamvamia pasipo kupiga mbiu. "Kwik!" Kikombe kikatikisika. "Kwik!" Chai ikamwagikia sketi iliyotoka kupigwa pasi.

Mama yake, Malkia wa Cherehani, Mtiisha Vitambaa, akainuka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akanena: "Mwanangu, hiyo ni hofu tu, na hofu haijawahi kumshinda mtu wa nyumba hii! Bana pumzi, usiachie mpaka nikwambie."

Binti akabana pumzi. Mara mteja akabisha hodi, mama akaenda kumfungulia, wakaanza kuvutana juu ya kola iliyopinda, na mama akasahau kabisa kwamba kuna mtu ndani amezuia roho kwa amri yake. Shujaa akavumilia mpaka macho yakamtoka pima. Alipoachia, Kwikwi alirudi ameota mapembe.

Hapo mjomba, dereva wa lori, bingwa wa mashambulizi ya ghafla, akajibanza nyuma ya mlango ili amshtue mpwawe. Hatua zikasikika; akaruka akinguruma kama injini isiyo na oili. Kumbe ni mama, amebeba jagi la maji, na maji yote yakamwishia shujaa aliyekuwa nyuma yake.

"Wewe kaka wewe!" mama akafoka. "Unataka kuniua siku ya mtihani wa mtoto? Nani atamalizia magauni ya watu?"

"Si nilikuwa namtibu?"

"Kwik," akasema mgonjwa.

Basi akaingia chumba cha mtihani akiwa amelowa, na kila kwikwi ikarukaruka ukutani kama mpira. Vichwa vikageuka. Msimamizi, Mlinzi wa Bahasha, mwenye miwani puani na huruma kidogo, akamsogelea. "Binti, nakuonea huruma, lakini wenzako nao wana haki yao. Nikishagawa karatasi halafu ukaendelea hivyo, utakaa nje mpaka itulie. Na saa haitakusubiri."

Machozi yakamlenga. Mwaka mzima wa kusoma, halafu atolewe nje na kitu kisicho na mikono wala miguu! Akainamisha kichwa, akanong'ona: "Ewe Kwikwi, dhalimu wa kifua changu, nimekukosea nini? Njoo kesho, njoo hata siku ya harusi yangu, nitakukaribisha. Leo niache."

"Kwik," akajibu dhalimu.

Karatasi zikagawiwa kifudifudi. "Geuzeni!" akaamuru msimamizi.

Akageuza. Swali la kwanza lilikuwa na mabano ndani ya mabano, sehemu juu ya sehemu, na chini yake pembetatu imelala chali. Binti akaliona. Kwikwi naye akaliona.

Kukawa kimya. Akangoja. Kimya. Adui ametimua mbio bila hata kuaga.

Shujaa akajipapasa kifua, asiamini. Hofu ilikuwa palepale, tena imeongezeka. Lakini yule mtesi wake, baada ya kuona swali moja tu, amekimbia, na yeye bado amekaa kitini. Kicheko kikamjia, akakimeza. Akaliruka swali la kwanza, akashuka kwa la pili, akalisoma polepole, akalijua.

Na iandikwe kwa herufi kubwa katika tarikhi ya mataifa, mabaharia na wafalme wasogee wampishe: asubuhi ile, mbele ya mashahidi waliokuwa hawamtazami tena, binti wa fundi cherehani aliandika mstari wa kwanza wa jawabu, nao ulikuwa sahihi.